Wazee wana vitambulisho vya matibabu bure, lakini dawa wanaambiwa wakanunue nje. Baraza la wazee lianzie wapi?

Katibu wa Baraza (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, habari za majukumu.

Nauliza kwa niaba ya baraza la wazee la kata moja ya vijijini, Tanzania Bara. Kata ina zahanati mbili na kituo kimoja cha afya. Wazee wengi wa miaka 60 na kuendelea wameshapewa vitambulisho vya matibabu na halmashauri, vyenye picha na mhuri. Foleni si tatizo, bango la "Mpishe mzee kwanza" limebandikwa na linaheshimiwa. Mzee anaandikishwa bure na anamuona tabibu bure. Akifika dirisha la dawa ndipo mambo yanapogeuka: panado ipo, dawa ya presha hakuna, dawa ya sukari hakuna, anaandikiwa karatasi akanunue dukani. Wapo wanaokata kidonge nusu ili kifike mwisho wa mwezi, na wapo wanaoacha kabisa mpaka wapooze upande mmoja.

Tukiuliza kituoni tunaambiwa MSD (Bohari ya Dawa ya serikali) hawajaleta. Tukiuliza wilayani tunaambiwa kituo hakikuagiza. Naomba wenye uelewa watufafanulie:

1. Dawa inakwama wapi hasa, na baraza lina haki ya kuona nini?
2. Mzee asiye na kitambulisho, au aliyepewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, anafanyaje?
3. Kuna namna ya kuliingiza jambo hili kwenye bajeti, au tutaendelea kuandika barua za malalamiko?

Tafadhali tupeni hatua zinazotekelezeka.

---

Mfamasia wa Vijijini

Shikamoo mzee katibu. Nitajibu swali la kwanza, maana ndilo watu wanarushiana mpira.

Kabla ya yote, tazameni ngazi ya dawa. Orodha ya taifa ya dawa muhimu imepanga kila dawa kwa herufi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya mkoa, S hospitali za kibingwa. Mzee aliyeanzishiwa dawa ya daraja C hospitali ya wilaya akirudi kuitafuta zahanati, hataipata hata kama bohari ya MSD imejaa. Huyo aombe kwa tabibu kubadilishiwa dawa inayopatikana ngazi ya karibu, ikiwa hali yake inaruhusu. Kwa wazee wengi wenye presha ya kawaida inawezekana. Asibadilishe mwenyewe.

Sasa dawa ambayo kituo kinaruhusiwa kuwa nayo lakini haipo. Katika vituo vingi vidogo chanzo kikubwa ni hesabu ya maombi. Kituo kinaagiza kwa kutazama matumizi yaliyopita, na dawa ikiisha matumizi yanasomeka madogo. Kwa hiyo kipindi kinachofuata kinaagiza kidogo zaidi. Mwenye kosa hapo haonekani, kila karatasi imejazwa vizuri.

Chukua mfano wa amlodipine, dawa ya presha, ya miligramu 5. Kituo kilikuwa nayo siku 30 tu kati ya 90 za robo mwaka, na katika siku hizo kilitoa vidonge 600. Anayejaza haraka anagawa 600 kwa miezi 3, anapata 200 kwa mwezi. Hesabu sahihi inaondoa siku ambazo dawa haikuwepo: vidonge 600 kwa siku 30 ni 20 kwa siku, yaani 600 kwa mwezi. Tayari tofauti ni mara tatu.

Hata hiyo 600 bado ni ndogo, kwa sababu mwezi ambao dawa ipo wazee wengine hawaji, walishakata tamaa. Njia ya uhakika kwa magonjwa ya kudumu ni kuhesabu watu. Tuseme rejesta ya magonjwa yasiyoambukiza ina wazee 45 wanaotumia dawa hiyo. 30 wanameza kidonge kimoja kwa siku, 15 wanameza viwili kwa sababu dozi yao ni miligramu 10 na kituo kina vya 5 tu. Hapo ni 900 na 900, jumla vidonge 1,800 kwa mwezi, au 5,400 kwa robo. Linganisha na yule aliyeagiza 200 kwa mwezi! Metformin, dawa ya sukari, ya miligramu 500 mara mbili kwa siku ni vidonge 60 kwa mgonjwa kwa mwezi, na wengi dozi yao ni kubwa kuliko hiyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya baraza ni kuhakikisha kila mzee mwenye presha au sukari ameandikwa kwenye rejesta, na dawa yake na dozi yake zimeandikwa. Pelekeni orodha kijiji kwa kijiji, mganga mfawidhi ailinganishe na aliyonayo. Orodha ya baraza ikiwa na majina ambayo rejesta haina, mmeshapata sehemu ya jibu.

La pili: MSD wakikosa dawa, kituo hakiruhusiwi kukaa tu na kusubiri. Kuna utaratibu wa mshitiri. Kila mkoa una muuzaji aliyepatikana kwa zabuni, bei zake zimewekwa kwenye mkataba, na kituo kinanunua kwake kile ambacho MSD wamethibitisha kuwa hawana. Mtiririko wake ni huu: kituo kinaagiza MSD, MSD wanatoa taarifa ya dawa zilizokosekana, kituo kinaandaa oda ya mshitiri kupitia ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha kinalipa kutoka akaunti yake. Panapokwama mara nyingi ni hapo mwisho, akaunti haina fedha au fungu la dawa limekwisha.

Mkienda kituoni, ombeni kuona vitu vinne, kwa adabu na mbele ya kamati: leja ya dawa husika, nakala ya maombi ya mwisho, taarifa ya MSD ya dawa zilizokosekana, na oda ya mshitiri kama ilitumwa. Leja ikionyesha sifuri tangu tarehe fulani na maombi hayana dawa hiyo, kosa ni la kituo. Maombi yakiwa nayo na taarifa ya kukosekana ipo lakini oda ya mshitiri haipo, ulizeni fedha. Vyote vinne vikiwepo na dawa haijaja, hapo ndipo pa kwenda wilayani, na mtakwenda na karatasi mkononi.

---

Ustawi Desk

Shikamoo mzee wangu. Nakuja kwenye swali la pili.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo hata watumishi huyachanganya. Kuna msamaha wa kudumu wa malipo ya matibabu, unaotolewa kwa makundi yaliyotajwa kwenye sera: wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, wajawazito, watoto chini ya miaka 5, na wenye magonjwa kama kifua kikuu. Halafu kuna msamaha wa muda, anaopewa mtu yeyote aliyeshindwa kulipa kwa wakati ule, baada ya kuhojiwa na ustawi wa jamii. Mzee asiye na kitambulisho akikataliwa ule wa kwanza, aombe wa pili palepale. Asirudi nyumbani.

Kitambulisho kinaanzia kijijini au mtaani. Mtendaji anaandaa orodha, mkutano wa kijiji unaithibitisha, inapita kwa mtendaji wa kata hadi kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Uthibitisho wa umri unaweza kuwa kitambulisho cha NIDA, kadi ya mpiga kura au cheti cha ubatizo. Asiye na chochote, wazee wenzake wanamthibitisha kwenye mkutano na muhtasari unaandikwa. Huo muhtasari msiudharau, ndio unaomtetea bibi aliyezaliwa kabla ya vyeti kufika kijijini kwao.

Yanayoharibika ni haya. Jina la kitambulisho cha matibabu kutofautiana na la NIDA (Mwanahawa huku, Hawa kule), mzee akifika hospitali kubwa anaambiwa si yeye. Rekebisheni wakati wa orodha, maana kikishachapishwa ni kusubiri awamu nyingine. Picha ni tatizo la pili: zoezi linafanyika siku moja ofisi ya kata, wasioweza kutembea wanabaki nje ya orodha, na hao ndio wagonjwa zaidi. Mpiga picha apelekwe majumbani, baraza liandae majina na njia mapema. Wajane wanaoishi kwa watoto wao nao husahaulika, kwa sababu kiongozi wa kitongoji huhesabu wenye nyumba.

Kuhusu rufaa, kitambulisho kimetolewa na halmashauri yako na kinatambulika kwa uhakika katika vituo vyake. Kwenda hospitali ya mkoa mzee awe na vitu vitatu: kitambulisho chenyewe, barua ya rufaa yenye mhuri wa kituo, na kwa usalama barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji. Akifika, apite dawati la ustawi wa jamii la hospitali KABLA ya kupelekwa vipimo. Akishafunguliwa bili ya kipimo, kuifuta ni kazi kubwa zaidi kuliko kuizuia isifunguliwe. Mzee aliyejipeleka mkoani bila rufaa anahesabiwa amekuja kwa hiari yake na atatozwa, isipokuwa ni dharura.

Hilo neno "wasio na uwezo" ndilo linaloumiza. Kuna vituo vinampa huduma kila mwenye miaka 60, vingine vinataka mzee athibitishe umaskini kila anapokuja. Kumsimamisha mtu wa miaka 78 dirishani aeleze mbele za watu kuwa watoto wake hawamsaidii ni kumvunjia heshima, na sera haikukusudia hivyo. Kitambulisho maana yake uwezo ulishahakikiwa kijijini. Kamati ya kituo iandike hivyo kwenye muhtasari wake, mganga mfawidhi awasomee watumishi wa dirishani.

Mstaafu wa utumishi wa umma aliyekuwa akichangia NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) atumie kadi yake ya bima na mwenzi wake. Asichukue msamaha. Kila mwenye bima anayeingia kwa msamaha anakinyima kituo fedha ambazo kingezidai.

---

Katibu wa Baraza

Marahaba wanangu, mmenifungua macho. Hiyo hesabu ya vidonge 200 dhidi ya 1,800 nitaisoma kwenye kikao kama ilivyo. Swali dogo kwa Mfamasia: mzee aliyelala kitandani, mwanawe anaweza kumchukulia dawa? Na bado nasubiri la bajeti.

---

Mipango Afya

Mzee katibu, shikamoo. La bajeti ndilo mzizi wa yote yaliyosemwa juu.

Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza 1993, na misamaha ikawekwa ili wasio na uwezo wasikose huduma. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 na Sera ya Afya ya 2007 zikaendeleza. Lakini msamaha ulikuja bila fedha ya kuufidia. Mzee akitibiwa bure hakuna anayekirudishia kituo gharama, kinabeba chenyewe. Kituo chenye wazee wengi, ambao vijana wao wamehamia mjini, kinatumia dawa nyingi na kukusanya kidogo. Mganga mfawidhi aliye kwenye hali hiyo anaona kila kitambulisho kipya kama mzigo, hata kama ana moyo mzuri. Mimi nasema wazi, agizo la huduma bure lisilo na fungu ni ahadi inayolipwa na mgonjwa mwenyewe kwenye duka la dawa.

Mnachoweza kufanya kiko kwenye kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Vituo huandaa mipango yao kuanzia mwongozo wa bajeti unapotoka, kwa kawaida Novemba hivi, halmashauri inaunganisha, na baraza la madiwani linapitisha mapema mwaka unaofuata. Barua ya malalamiko ya Aprili inakuta kila kitu kimefungwa. Hoja yenu iwe mezani kwa kamati ya usimamizi ya kituo kwenye kikao cha robo cha Oktoba.

Tangu 2017/18 fedha za afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kamati hiyo ndiyo inayopitisha matumizi. Wajumbe wake ni wananchi wenu. Kama hakuna mzee hata mmoja ndani yake, anzeni hapo, maana kamati ina ukomo wa muda na nafasi hutangazwa.

Kwenye mpango ombeni shughuli inayojitegemea: kununua dawa za presha na kisukari kwa wazee wenye msamaha, ikiwa na idadi ya wagonjwa na idadi ya vidonge. Ikimezwa ndani ya "dawa na vifaa tiba" itapotea, zitanunuliwa dawa za malaria na glovu. Isipoandikwa kabisa ni mbaya zaidi, kwa sababu mfumo wa malipo wa kituo unadai kila malipo yafungwe kwenye shughuli iliyomo kwenye mpango. Mganga akitaka kununua Machi, mfumo utamkatalia. Hapo ndipo orodha ya Mfamasia inapofanya kazi, mpango unataka namba.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni kuandika gharama ya msamaha. Kituo chenye GoTHOMIS (mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu na malipo ya wagonjwa) kichague kundi la msamaha la wazee na kuacha bei ya huduma ionekane, kisiandike sifuri. Kinachotumia karatasi kifungue rejesta ya misamaha yenye safu za tarehe, namba ya kitambulisho, kijiji, huduma aliyopewa, thamani yake kwa bei ya kituo, na dawa alizokosa. Safu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mwisho wa mwezi jumlisheni na diwani apewe nakala. Diwani akisimama kwenye baraza na jumla ya shilingi na idadi ya wazee waliorudishwa bila dawa, mkurugenzi analazimika kujibu kwa namba. Akisimama na "wazee wetu wanateseka", ataambiwa jambo limepokelewa.

Njia nyingine ni halmashauri kuwalipia wazee bima kutoka mapato ya ndani. Kuna halmashauri zilifanya hivyo kupitia CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii), iliyokuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6 katika mikoa mingi. Faida yake ni kwamba kituo kinapata cha kudai. Mzee anabadilika kutoka gharama kuwa mapato, na uso wa dirishani unabadilika naye. Angalizo: malipo yakifanyika mwaka mmoja kwa ajili ya sherehe na mwaka unaofuata yasirudiwe, kadi zinakufa kimyakimya na wazee wanagundua wakiwa wagonjwa. Wekeni tarehe ya kuisha kwenye daftari la baraza na mkumbushie miezi 3 kabla.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inaelekeza kila mkazi awe na bima na wasio na uwezo wagharamiwe. Kwa wazee swali gumu ni nani atahesabiwa hana uwezo. Utambuzi wa kaya maskini hutazama kaya nzima, kwa hiyo bibi anayeishi kwenye nyumba ya bati ya mwanawe anaonekana ana uwezo, hata kama mwana mwenyewe yuko mbali na hatumi kitu. Baraza liandae mapema majina ya wazee wa aina hiyo na maelezo ya nani hasa anawalisha. Msisubiri wahakiki wafike.

---

Pwani ya Unguja

Shikamoo mzee. Naongeza kwa ufupi kutoka Zanzibar, maana dawa ikipatikana bado kuna nauli.

Huku kuna Pensheni Jamii tangu Aprili 2016, kila mkaazi aliyefika miaka 70, bila kuulizwa aliajiriwa au la, kwa fedha za serikali. Ilianza 20,000 kwa mwezi, ikapandishwa hadi 50,000. Haimalizi shida, lakini mzee anapata cha kupandia gari siku ya kliniki. Na kwa kuwa haiulizi umaskini, hakuna anayeaibika kwenye foleni. Kenya nao wana Inua Jamii kwa wenye miaka 70, shilingi zao 2,000 kwa mwezi, tatizo lao kubwa ni malipo kuchelewa.

Kwenu, mpaka sera ifike huko, pangeni kliniki ya presha na sukari siku ya gulio. Magari yapo, majirani wanashuka, mzee anapata mtu wa kumshika mkono. Na mganga atoe dawa za miezi 2 au 3 kwa mzee ambaye presha yake imetulia, akiba ikiruhusu. Safari zinapungua kwa nusu au zaidi.

---

Mfamasia wa Vijijini

Mzee katibu, kuhusu aliyelala kitandani: ndiyo, mwanawe anaweza kuchukua. Aje na kitambulisho cha mzee, daftari la kliniki na maganda ya dawa zilizokwisha, ili dozi isikosewe. Lakini asichukuliwe dawa mwaka mzima bila kupimwa. Muombe mhudumu wa afya ngazi ya jamii au muuguzi ampime nyumbani angalau kila miezi 3. Apumzike dakika 5 kabla ya kupimwa, mkono ukae usawa wa moyo, na apimwe mara mbili. Mzee aliyekonda akifungwa mkanda mpana kupita mkono wake, kipimo kinasoma chini ya ukweli na dozi inapunguzwa kimakosa. Na kama anasikia kizunguzungu anapoinuliwa kukaa, aelezwe tabibu kabla ya kuongezwa kidonge chochote.

Dawa za sukari zaidi ya yote: siku ambayo mzee hali chakula, mwanawe apige simu kituoni kwanza. Glibenclamide kwa mtu ambaye hajala inaweza kumshusha sukari usiku na akaonekana amelala tu.